Gego la Sita

Ndovu hapewi magego yote kwa mkupuo mmoja. Hupewa seti sita kwa maisha yake yote, na kila seti huota nyuma ya taya ikasogea mbele polepole, ikiisukuma ile iliyochakaa mpaka imeguke vipande na kudondoka, au imezwe pamoja na majani bila mwenyewe kujua. Ya kwanza humtoka angali ananyonya. Ya sita humjia ukubwani, na hiyo haina mwenzake nyuma wa kuisukuma. Ikishalika, kwa kawaida miaka inapokaribia 60, mwenyewe hubakiwa na ufizi na kumbukumbu. Mpaka hapo si hekaya, ndivyo alivyoumbwa. Hekaya ni ya ndovu mmoja aliyeambiwa na kinywa chake mwenyewe kwamba wakati umewadia, naye akakataa kukisikiliza.

Katika nchi ya mibuyu, unakopita mto Tarangire, ukoo wa ndovu huongozwa na mama. Madume wakishabaleghe hutoka wakaenda zao. Wanaobaki ni mabibi, mama, mashangazi na watoto, na mbele yao hutembea yule aliyekula chumvi nyingi kuliko wote. Katika ukoo mmoja wa bonde lile aliyetangulia alikuwa Bi Msimu. Walimwita hivyo kwa kuwa aliijua mvua kabla upepo haujageuka, na alijua jambo jingine ambalo ukooni hapakuwa na wa pili wa kulijua, nalo ni njia ya ukame.

Njia hiyo alifundishwa kwa kuitembea. Ukame ulioanza mwaka 1958 ulikaa mpaka 1961, na bibi yake, mkongwe mwenye sikio lililochanika kama jani la mgomba, aliuchukua ukoo usiku usiku akautoa bondeni, akavuka nao vilima visivyo na hata unyasi wa kufungia kidonda, mpaka kwenye maji na malisho ambayo hakuna aliyekuwa ameyaota. Wakati huo Bi Msimu alikuwa na miaka 25 na mtoto mchanga, jina lake Tumaini, ambaye safari nzima alitembea chini ya tumbo la mama yake asione kitu ila miguu. Kisha ikaja miaka ya 1970 na 1980, miaka ya bunduki, pembe zilipotafutwa kuliko roho za wenye pembe, na wazee ndio walioanguka kwanza kwa sababu pembe zao ndizo zilizokuwa ndefu. Mlio wa mwisho uliponyamaza, bonde lilibakiwa na wachache mno walioikumbuka njia ile. Mmoja ni Bi Msimu. Mwingine ni jirani yake wa ng'ambo ya mto, Bi Subira, aliyekuwa na ukoo wake.

Mkubwa anapoacha kutangulia, ndovu husema ameng'atuka, yaani ameachia alichokuwa amekiuma. Kwa kiumbe ambaye umri wake hupimwa kwa magego, neno hilo halihitaji mfasiri.

Dalili za Bi Msimu zilianzia chini. Nyuma yake, kila alipopita, vilibaki vidonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu, vibichi bado, vimelowa mate, vikubwa kama ngumi ya mtoto. Kanga walijifunza kumfuata. Kinyesi chake nacho kilitoka na mabua mazima mazima, marefu, kana kwamba yamekatwa kwa panga na si kwa meno. Na juu ya macho yake, pale paliponona zamani, paliingia mashimo mawili ambayo mvua ikinyesha yalituama maji. Ndovu huhitaji kula mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku, na chakula chake cha siku moja chaweza kufika kilo 150. Bi Msimu alikuwa akifanya kazi ile ile ya kula, saa zile zile, na kupata nusu ya shibe. Wote waliona. Hakuna aliyesema, kwa maana adabu ya ukoo ule ilikuwa kwamba mkubwa hatazamwi kinywani.

Aliyesema alikuwa mjukuu wa miaka mitatu, ambaye adabu hiyo ilikuwa bado haijamfika. "Bibi," alisema, "mbona chakula chako kinaanguka?"

Mama yake alimvuta sikio haraka. Lakini Bi Msimu alicheka, akampapasa kwa mkonga. "Nawaachia kanga, mjukuu wangu. Mkubwa hali peke yake."

Jibu lile lilipendwa. Lilirudiwa kisimani na kivukoni, likapambwa, na kabla mwezi haujaandama mara mbili vidonge vya nyasi vilikuwa vimepata jina. Viliitwa sadaka ya Bi Mkubwa. Hivyo ndivyo udhaifu unavyovikwa kanzu. Siku zile zile ambapo ukoo ungeweza kukaa chini na kusema, kwa upole, mama yetu amechoka, tumshike mkono, ulikaa chini ukasifu ukarimu wake.

Waliosifu kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa yangeyange. Ndege hawa hula wadudu wanaofumuliwa na miguu ya ndovu, na anayetembea mbele ndiye anayefumua wengi. Walikuwa wamezoea mgongo wa Bi Msimu tangu kwa baba zao, na kila mmoja alijua kipimo cha nafasi yake juu ya uti ule. Akitangulia mwingine, nafasi zitagawanywa upya. Kwa hiyo kila asubuhi walimwamkia kwa mbawa, "Bi Mkubwa, leo umeamka kijana," naye kila asubuhi aliamini kidogo zaidi ya jana.

Kisha likaja jambo la mbuyu. Bi Msimu alizaliwa mwaka ulioanguka mbuyu mkubwa wa kivukoni, na kwa desturi ya bonde mtoto huhesabiwa umri kwa tukio la mwaka wake. Kwa hesabu hiyo alikuwa anakaribia mwisho wa njia. Siku moja, barazani, alisema kwamba wazee waliomsimulia walichanganya. Mbuyu ule ulianguka misimu saba baadaye. Yangeyange walishuhudia kuwa ndivyo, ingawa hakuna hata mmoja wao ambaye babu yake alikuwa yai wakati huo. Misimu michache ikapita, umri ukafika tena palepale, na mbuyu ukaanguka tena baadaye zaidi. Mara ya tatu walikwisha kuizoea kazi, wakashuhudia kabla ya kuulizwa. Mti wenyewe haukuweza kusema. Mbuyu ukifa hulainika ukawa nyuzinyuzi, na upepo huuchukua usibaki hata kisiki.

Lakini si haki kumfanya Bi Msimu mwenye tamaa tu, maana hofu yake ilikuwa na mizizi, na mmoja wa mizizi hiyo ulipita kwenye pango la Nyani. Bondeni mle kila ndovu aliyetikisa mgunga, maganda yakaanguka, alitoa fungu moja likapelekwa pangoni kuwekwa akiba, ili siku atakapong'atuka apewe kiinua mgongo. Bi Msimu naye alitoa tangu ujana wake. Ila kibaba cha kupimia hakikukaa na Bi Msimu, kilikaa na Nyani. Kwanza ilisemwa kwamba anayeng'atuka atapewa nusu ya akiba yake siku hiyo hiyo, na nusu iliyobaki ataipokea konzi kwa konzi kila mwezi mpaka afe. Baadaye ikasemwa ni robo. Zikapigwa kelele, ikasemwa ni theluthi, na Nyani akaeleza kwa vidole vyake kwamba theluthi ni bora kuliko nusu, ukiitazama kwa miaka mingi. Mzee aliyetikisa migunga maisha yake yote anapoona kibaba kinabadilika mkononi mwa mwingine, miguu yake hushikamana na ardhi; na anayemlaumu kwa kung'ang'ania na amtazame kwanza aliyeshika kibaba.

Mzizi wa pili ulikuwa wake mwenyewe, na ulikwenda chini zaidi. Tumaini alikuwa amefika miaka 35, ana nguvu, ana watoto, na mara kadhaa alikuwa amemwambia, kwa heshima zote, "Mama, nionyeshe njia ya ukame." Bi Msimu alijibu siku zote kwamba wakati bado. Usiku alijiambia lililo kweli, kwamba njia ile ndiyo iliyobaki ya kuulizwa yeye. Kuchimba visima kwenye mchanga wa mto walijua wote. Kunusa simba walijua wote. Akiitoa na hiyo, nani atakuja tena kusimama mbele yake na kusema, "Shikamoo Bibi, tufanyeje?"

Alikwenda kutafuta shauri, kwa kuwa alikuwa na busara ya kutosha kujua kwamba halali vizuri. Alikwenda mahali ambapo nyati wazee hukaa, matopeni kando ya mto, madume waliotoka kundini wakaishi wawili watatu mpaka siku zao. Aliwakuta wawili wamelala, mmoja pembe yake imepasuka katikati.

"Mimi nilitolewa," alisema mwenye pembe iliyopasuka. "Nilipigwa asubuhi, jioni nikawa hapa. Zamani nilipopita njia ilifunguka yenyewe, nikadhani nilikuwa naheshimiwa mimi. Kumbe ni ile nafasi niliyosimama. Nimekaa hapa misimu miwili, na huyu ndiye mtu wa kwanza niliyejua jina lake bila yeye kunihitaji kwa lolote."

Yule wa pili alitikisa tope masikioni. "Mimi nilianza kuja hapa nikiwa bado na nguvu za kurudi, Bi Mkubwa. Nilikuja siku moja, nikarudi kundini. Nikaja tena siku tatu. Nilijua tope lipi lina mamba na lipi halina, nikajua ni nani anakoroma na nani anasimulia. Siku niliyohamia sikuwa mgeni. Kilichonisumbua ni asubuhi. Mwezi mzima niliamka alfajiri nikasimama wima, tayari, na hapakuwa na pa kwenda."

"Ukafanyaje?"

"Nikasimama. Kisha nikalala tena. Siku moja nikagundua kwamba nimeamka jua limepanda na ndege wanaimba, na kwamba sikuwahi kuwasikia."

Bi Msimu alifikiri sana juu ya maneno hayo njia nzima ya kurudi. Alipofika karibu na ukoo, yangeyange wakatua mgongoni wakamuuliza ametoka wapi, naye akasema ametoka kuwajulia hali wagonjwa. "Wale ni nyati," alisema. "Ndovu ni ndovu."

Ng'ambo ya mto mambo yalikwenda vingine. Bi Subira alisimulia baadaye jinsi alivyojua kwamba wakati wake umewadia. Hakuhesabu mbuyu, wala hakungoja gego liishe. Alfajiri moja usingizi ulimzidi, akaamka jua limekwisha kuchomoza, akateremka mtoni akitweta, akiamini atakuta vurugu. Akakuta ukoo umekwisha chimba visima, watoto wamekunywa kwanza, walinzi wamekaa upande wa upepo, na hakuna aliyeitwa wala aliyepotea. Alisimama nyuma ya mkwaju asionekane, akatazama. "Nililia kidogo," alisema. "Kisha nikatafuta kisichofanywa, nikakiona kimoja tu, ni njia ya ukame. Nikajua hiyo ndiyo kazi iliyobaki, na kwamba ikishakuwa kwao, mimi nimemaliza."

Akaianza kazi hiyo wakati hakuna ukame. Kiangazi cha kwanza alitembea mbele, binti yake nyuma, akimwonyesha kila jiwe na kila harufu. Kiangazi cha pili walitembea bega kwa bega. Kiangazi cha tatu binti alitangulia na mama akafuata, na hicho, alisema Bi Subira, kilimchosha kuliko vyote viwili. Kwenye korongo lenye mawe matatu, njia inapogawanyika, binti aligeukia kusiko. Bi Subira aliona. Kila mshipa wa shingo yake ulitaka kupiga baragumu. Akanyamaza. Walitembea upotevuni tangu asubuhi mpaka jua la utosini, watoto wakilalamika kiu, mpaka binti aliposimama mwenyewe, akanusa, akageuka, akarudi mpaka kwenye mawe bila kumtazama mama yake usoni. Tangu siku hiyo hakuna ambaye angeweza kumpotezea njia ile. Bi Subira alikwenda zake kwenye kinamasi cha Silale, ambako majani ni laini na matete hayadai gego, na ndiko ndovu wengi waliokwisha meno hupata shibe ya mwisho. Bi Msimu aliposikia alisema, "Amekuwa bibi wa matete." Bonde likacheka.

Mwaka 1993 mvua haikuja. Mto ulikonda ukawa kamba, na malisho pande zote mbili yakaisha mpaka mizizi. Usiku mmoja wa giza ukoo wa ng'ambo ulipotea bondeni, kimya, binti wa Bi Subira akiwa mbele. Bi Msimu alisikia nyayo zao, akajua wanakokwenda, na usiku uliofuata aliwakusanya wake. "Nifuateni," alisema, na sauti yake bado ilikuwa ile ile iliyowatuliza tangu utoto.

Walimfuata. Alipanda kilima cha kwanza. Mwenye kula nusu shibe kwa misimu mingi hana akiba mwilini, na kwenye kilima cha pili mifupa ya mabega yake ilionekana ikicheza chini ya ngozi kama nguzo za hema upepo unapovuma. Kulipopambazuka walifika korongo la mawe matatu. Hapo magoti yalimwisha. Tumaini na dada zake walimwinua kwa pembe zao, mmoja huku na mmoja huku, wakamshikilia asianguke tena, maana ndovu wa umri huo akilala hanyanyuki.

"Mama," alisema Tumaini, karibu sana na sikio lake. "Tuambie tu. Ni kushoto au kulia?"

Bi Msimu alitazama njia mbili. Alijua. Nyuma yake watoto walikuwa wamejiegemeza kwenye miguu ya mama zao, macho yamefumba. Yangeyange hawakuwapo, walikuwa wamekwisha hamia kwa nyati.

"Kesho," alisema. "Kesho nitawaonyesha mwenyewe."

Wakamrudisha mtoni, kwa kuwa huko ndiko pekee walikokujua. Kiangazi kile, katika kila watoto watano wa bonde, mmoja hakuiona mvua. Mjukuu aliyeuliza kwa nini chakula kinaanguka alikuwa miongoni mwao. Ndovu hawaachi mifupa ya wenzao. Huigusa kwa mkonga, huigeuza, husimama. Bi Msimu alisimama pale siku tatu, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwa sababu ukoo wa Bi Subira ulirudi na masika, na watoto wao walikuja wakicheza.

Mvua ilipokolea, nyasi zikawa laini kila mahali hata kwa asiye na meno, Bi Msimu akamwita bintiye. "Twende."

"Wapi, mama? Mvua inanyesha. Maji yapo kila mahali."

"Ndiyo maana."

Walikwenda hatua fupi fupi, wakilala mapema, wakichelewa kuamka. Tumaini alitangulia, kwa kuwa mama alikataa kutangulia. Siku ya nne walifika korongo la mawe matatu. Tumaini alisimama, akatazama huku, akatazama huku, akageukia kushoto.

Haikuwa kushoto. Bi Msimu aliinua mkonga, sauti ikamjaa kooni mpaka masikio yake yakatetemeka. Kisha akaushusha. Aliuzungushia kishungi cha nyasi zilizolowa, akazing'oa, akazikung'uta udongo gotini, akazitia kinywani, akawa anazipeleka huku na huku pasipo na cha kuzisaga. Tumaini alikwenda hatua ishirini, thelathini. Alisimama. Alishusha mkonga mpaka chini, akanusa ardhi, akiitafuta ile aliyoipita mara moja tu maishani, chini ya tumbo, asione kitu ila miguu. Na mguu wake wa mbele ukabaki hewani, haujaamua. Nyuma yake, kwenye mawe, mama yake alikuwa akiendelea kutafuna, vidonge vikimdondoka kimoja kimoja, asiseme neno.